Kigango kikirudi bila jina, kinarudi kwa nani?

Mpimaji wa Kaloleni (mwenye uzi)

Mulamukadze ndugu zangu. Uzi huu ni mrefu na nauandika kwa simu, kwa hivyo tahajia mtanisamehe.

Mimi napima mashamba. Kaloleni, Ganze, Bamba, mpaka ng'ambo ya mto Sabaki nimeshakanyaga. Wiki tatu nyuma tulikuwa tunagawa shamba la urithi baina ya ndugu watano. Tunakaribia kuweka bikoni (alama ya mpaka) ya tatu, kijana wangu wa kushika prisma akaniita: "Bosi, hapa pana watu." Nikadhani ni wavamizi. Kwenda kutazama, ni vigango vinne, mbao za ukumbusho wa wazee waliofariki, chini ya mkwaju. Vitatu vimesimama, kimoja kimelala kifudifudi. Mchwa hawajakiweza, ila jua na mvua vimekipasua kichwa. Mikato ya pembetatu ubavuni bado mikali kama ya jana. Kimojawapo cha vile vilivyosimama kina nyuzinyuzi za kitambaa shingoni, nadhani kilikuwa chekundu.

Nikawaita wale ndugu watano. Hivi ni vya akina nani? Mkubwa wao, mtu wa miaka hamsini na kitu, akawatazama wenzake, wenzake wakamtazama yeye. Akasema, "Ni vya wazee."

Wazee gani? Kimya. Mdogo wao akauliza kama bikoni inaweza kupita katikati.

Kwa wale ambao si wa kwetu: kigango ni ubao wa mti mgumu, kimo cha mtu au zaidi, una kichwa cha duara, hauna mikono, na mwili wake umechongwa pembetatu zikapakwa rangi. Kwetu Wagiriama hakichongewi kila mtu. Marehemu awe alikuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima, na kuingia humo ni kulisha watu na kunywesha watu mpaka waseme basi. Mzee akishafariki, siku moja anamjia mwanawe ndotoni, ama watoto mle mjini wanaanza kuuguaugua. Mganga anaulizwa, anajibu: baba yenu anataka kusimamishwa. Basi kinachongwa, kinasimikwa, kinavishwa nguo, kinamwagiwa tembo la mnazi. Kuanzia hapo si mti tena, ni koma, ni mzee mwenyewe. Na mkihama, mwamuacha palepale. Hang'olewi.

Hilo la "hang'olewi" ndilo lililowarahisishia wezi kazi. Watu wamehama kufuata ardhi na mvua, mzee kabaki peke yake kichakani. Tangu miaka ya 1970 vigango vilikuwa vinauzwa kwenye maduka ya vinyago Mombasa, na kutoka pale vikapanda ndege. Vilivyoko Marekani vinahesabiwa kwa mamia, vingine kwenye majumba ya makumbusho, vingine kwenye sebule za watu matajiri.

Sasa sikilizeni hiki kisa. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama amesimama karibu na vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye vikaibwa. Mzee akamwomba yule mama amsaidie kuvitafuta. Ilipofika 1999, kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani, mtafiti mwenzake, Linda Giles, anaonyesha picha za vigango vilivyoko kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois. Udvardy akakitazama kimoja, akakijua. Kile cha pili kikaja kupatikana kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vikarudi Kenya, cha kwanza 2006, cha pili 2007. Mzee mwenyewe alikuwa keshakufa, lakini familia yake ilikuwepo.

Picha moja tu ndiyo iliyowarudisha. Bila ile picha vingekuwa "sanaa ya Afrika, mchongaji hajulikani."

Linganisheni na hivi: Denver Museum of Nature & Science ilipewa vigango 30 mwaka 1990 na watu wa filamu wa Hollywood. Marekani ina sheria ya mwaka huohuo wa 1990 inayobana makumbusho kurudisha mifupa na vitu vitakatifu vya wenyeji wao asilia, ila haigusi vya kwetu. Denver waliamua wenyewe mwaka 2014 kuvirudisha, vikafika Nairobi 2019. Makumbusho ya Jimbo la Illinois nayo ikarudisha 37. Jambo jema, nashukuru. Lakini vimerudi kwa nani? Mzee hajulikani jina, hajulikani mbari, hajulikani kijiji. Huwezi kumpeleka kwake, maana kwake ni wapi? Yatima wa miaka mia.

Na mimi nimewakuta yatima wanne hapa hapa nyumbani, ambao hata hawajaibwa. Wamesimama mita arobaini kutoka jikoni kwa wajukuu zao.

Nataka tuanze daftari. Kila anayejua kigango kilipo, kipigwe picha na jina liandikwe kabla wazee wanaojua hawajaondoka. Semeni mnaonaje.

Binti wa Chonyi

Kaka, kwetu havikuibwa. Vilipikiwa ugali.

Sitanii. Hawe, yaani nyanya yangu, aliokoka mimi nikiwa darasa la tatu. Wakaja watu wa kanisa kuombea boma, wakasema zile sanamu zitoke. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana na mwanamke mzee aliyekwisha kuamua. Baba alivikata kwa shoka, na ule mti ni mgumu jamani, shoka lilikuwa linaruka. Vilikuwa viwili na kingine kidogo. Moshi wake nilikuwa nausikia ni tofauti, ama labda nilikuwa mtoto tu.

Hawe yuko hai bado. Hajuti, msidhani anajuta. Ila majina anayo, na anayataja vizuri sana akiwa anachambua mchicha, mmoja mmoja, na tabia zao. Huyu alikuwa mlevi. Huyu alikuwa hapendi watoto wapite mbele yake akila.

Mdigo wa Duga

Assalam aleikum wenyeji. Mimi ni wa upande wa Tanzania, Duga Maforoni, lakini sisi Wadigo mpaka ulitukata tu, watu ni walewale.

Nitasema ukweli kama ninavyouona. Kuhifadhi historia naunga mkono kwa mikono miwili. Kumwagia mti tembo na kusema huyu ndiye baba, kwangu hiyo ni shirki, na sitaki mwanangu aione ni jambo la kawaida. Sasa daftari lako ni la historia au ni la ibada? Maana ukilichanganya, nusu ya Wamijikenda, sisi makabila tisa ya Pwani, umeshawapoteza. Sisi Wadigo wengi wetu ni Waislamu miaka mingi, na hao vigango hatuna.

Mwana wa Kinondo

Waaleikum salaam kaka. Vigango hatuna, kaya tunazo, ile misitu mitakatifu ya wazee. Njoo Kaya Kinondo siku moja, ni pale karibu na Diani. Wazee wetu ni Waislamu, wanaswali, na kaya wanaitunza. Mgeni anafungwa kaniki kiunoni, kofia anavua, haruhusiwi kutoka na hata jani. Ukienda na mpenzi wako msishikane-shikane mle ndani. Msitu umebaki kwa sababu hiyo, angalia hoteli zilivyokula kila kitu pembeni yake.

Mwaka 2008 UNESCO iliingiza kaya zetu kwenye urithi wa dunia: Kinondo, Fungo ya Wagiriama, Jibana, Kambe, Kauma, Ribe, zile za Rabai, Mtswakara ya Waduruma. Mwaka uliofuata mila zake zikaingia kwenye orodha ya zile zinazohitaji kuokolewa haraka. Kwa hivyo msitu una karatasi. Kigango cha mtu binafsi kule Ganze hakina karatasi yoyote. Hapo nakubaliana na mpimaji.

Mpimaji wa Kaloleni

Mdigo wa Duga, umeuliza vizuri, na sitakudanganya. Daftari ni la majina. Anayetaka kumwagia tembo atamwagia, asiyetaka hatalazimishwa. Jina la babu yako halina dini, alizaliwa nalo kabla hujafikiriwa.

Binti wa Chonyi, huyo hawe ndiye ninayemtafuta.

Wakili Mtoro

Naingia upande wa sheria maana naona watu wanadhani hivi vitu vinalindwa vyenyewe tu. Tuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Ukisoma pale mwanzo penye maana za maneno, "kitu cha kale" ni kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Halafu kuna "kitu kinacholindwa", na hapo milango iliyochongwa kabla ya 1946 imetajwa waziwazi. Milango ya Lamu na Mombasa ikapata bahati. Vitu vingine ni mpaka waziri avitangaze.

Sasa kigango kilichosimamishwa mwaka 1960 kwa ajili ya mzee aliyekufa 1952, hakiingii kwenye ule mwaka 1895. Mwizi akikamatwa, kesi yake itakuwa ya wizi wa kawaida, na wizi unataka mlalamikaji mwenye mali aje aseme hiki ni changu, nakijua kwa alama hizi. Asiyejua hata jina la aliyechongewa atasimama kizimbani aseme nini?

Jomvu Halisi

Nyie watu mna nafasi. Ganze ukame, watu wanatembea na mitungi kutwa nzima, vijana hawana kazi, na hapa tunajadili mbao. Anayeuza kigango cha babu yake anauza kwa njaa. Mlitaka afe nacho?

Mpimaji wa Kaloleni

Jomvu, sikukatai. Na nikuambie, wengi walioiba hawakuwa wageni. Kigango cha tsawe (babu) wangu mwenyewe kiliondoka mwaka ambao nilikuwa darasa la sita, na aliyekiondoa tunamjua, tulikuwa tunacheza naye mpira. Alipewa hela ya kununua baiskeli iliyotumika. Aliyekipokea Mombasa sijui alipata ngapi, lakini si baiskeli.

Ila mbao hizi zina uhusiano na njaa hiyo unayoisema. Kazi yangu ni ardhi, acha nikueleze kwa upande wangu. Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilileta sheria ya hati za ardhi hapa Pwani. Mwenye kuweza kuthibitisha madai yake alipata hati, ardhi isiyo na mwenye hati ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Mababu zetu hawakuwa na karatasi. Walichokuwa nacho ni minazi, miembe, mikwaju na makaburi. Mpaka leo, maskwota wakienda kudai, wanaulizwa ushahidi kwamba walikuwepo. Kaburi ni ushahidi. Kigango ni ushahidi, lakini kigango chenye jina, na anayejua nani alimzaa nani mpaka kumfikia aliyesimama mbele ya mwamuzi.

Unadhani kwa nini Agosti 1914 Waingereza waliipiga Kaya Fungo kwa baruti? Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikuwa wamewaapisha watu kule ndani, wasitoe vijana wa kubeba mizigo wala kulipa kodi. Wakakamatwa wakapelekwa mbali, Kisii, wakatoroka wakarudi kwa miguu. Kaya ikalipuliwa na Wagiriama wa ng'ambo ya Sabaki wakafukuzwa kwenye ardhi yao. Kaya na ardhi vilikwenda pamoja. Yule Mzungu hakuona ni mbao.

Jomvu Halisi

Hapo umenipata kidogo. Kidogo.

Kijana wa Ganze

Mnasahau jambo moja ambalo sisi huku tunaishi nalo. Unasema muende kwa wazee mkaulize majina. Mzee gani wa Ganze atakubali kuonekana yuko kwenye koma na kibuyu mkononi siku hizi? Mvi tu ni kosa. Wazee wanauawa Kilifi hii kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ukichimba unakuta ni shamba vijana wanalitaka. Jirani yetu alikuwa anajua miti ya dawa, nyimbo za kifudu, majina ya watu wa vizazi sita. Alipaka nywele rangi nyeusi, ile ya kopo, kila mwezi. Halafu akaacha kwenda kule kwa wazee wake kabisa. Alikufa kifo cha kawaida, Mungu alimsaidia, lakini miaka yake kumi ya mwisho ukimuuliza chochote cha zamani anasema amesahau. Hakuwa amesahau.

Kwa hivyo ukienda, usiende na kundi. Usiende na kamera kubwa. Nenda kama mjukuu.

Mpimaji wa Kaloleni

Nimesoma hii mara tatu. Asante.

Mshairi wa Mtwapa

Na mimi nina onyo lingine: msiweke picha hizi mtandaoni na mahali zilipopigwa! Mpimaji wewe una mashine inayokuambia mpaka sentimita. Ukiweka hapa namba za mahali, umemchorea mwizi ramani bure, hata nauli ya kutafuta umempunguzia.

Mpimaji wa Kaloleni

Sawa kabisa, na ndiyo maana hamkuona picha yoyote kwenye uzi huu. Nilivyopanga: daftari la karatasi, nakala tatu. Moja ya familia, moja kwangu, moja kwa mzee wa kambi, baraza la wazee, wa eneo. Picha zinachapishwa, kigango kikionekana mbele, nyuma na mikato yake kwa karibu, kwa sababu mikato ndiyo alama za vidole. Fundi mmoja hachongi viwili sawasawa. Nyuma ya picha majina. Namba za mahali haziandikwi kabisa, wenyewe wanajua njia.

Mpimaji wa Kaloleni (siku nne baadaye)

Narudi na habari, na si nyepesi kama nilivyotarajia.

Nilirudi kwa wale ndugu watano. Peke yangu, bila mashine. Nikawauliza ni mtu gani mkubwa kabisa wa ukoo wenu aliye hai. Wakanielekeza kwa shangazi yao, ameolewa ng'ambo ya bonde, mama wa miaka themanini au zaidi, haoni vizuri. Nikamkuta ameketi kwenye mkeka anasuka makuti. Nikamsalimu, nikampa sukari, tukaongea mvua, tukaongea bei ya mahindi, nusu saa nzima. Ndipo nikamtajia mkwaju.

Mikono ikasimama. Akaniuliza, "Vyote vinne vingalipo?" Nikamwambia vipo, kimoja kimeanguka. Akauliza kipi, cha upande wa jua kutoka au wa jua kutua? Nikamwambia cha jua kutoka. Akacheka, halafu akanyamaza. Akasema wanawake hawakuwa wanakaribia pale, yeye alichungulia akiwa binti kwa kujificha nyuma ya ghala, ndiyo maana anakumbuka.

Akavitaja. Majina siyaandiki hapa, ni ya wenyewe. Watatu ni babu yake na wadogo zake wawili wa babu. Cha nne, kile kilicholala, si wa mbari yao kabisa. Ni mtu aliyewakaribisha. Walipokuja pale, wakikimbia njaa, yule mzee ndiye alikuwa na ile ardhi, akawapa mahali pa kujenga, akafa bila mtoto wa kiume, na babu yao akamsimamishia kigango yeye mwenyewe, kwa mbuzi wake mwenyewe, ili asilale peke yake.

Nilipowarudishia wale ndugu habari hiyo, nyuso zilibadilika. Mdogo wao akaniambia, "Hilo la mwisho usiandike." Kwa nini? "Watakuja kudai." Watoto wa kike wa yule mzee nao walizaa, na wajukuu wapo, wengine wako Mariakani.

Sasa mnisaidie mawazo. Nimeshasema hapo juu kwamba kigango ni ushahidi wa ardhi. Nilisema kwa kujiamini sana.

Wakili Mtoro

Kisheria, daftari lako si hati na halimpi mtu shamba. Waliokaa miaka mingi hivyo wana haki zao. Ila naelewa hofu yao, kesi hata ukishinda inakula ng'ombe.

Mdigo wa Duga

Andika. Kumficha aliyekukaribisha ni mbaya kuliko ule mti. Mgeni wake alikuwa na heshima ya kumkumbuka, wajukuu wa mgeni wanataka kumfuta? Subhanallah.

Jomvu Halisi

Rahisi kusema ukiwa Tanga. Si wewe utakayepelekwa mahakamani Kaloleni.

Kijana wa Ganze

Muulize yule shangazi. Jina amelitunza yeye miaka yote, si wale watano.

Mpimaji wa Kaloleni

Nilikuwa nimeshamuuliza kabla sijaaga. Aliniambia niandike majina manne, na niandike pia nani alitoa mbuzi. Kisha akaniambia nimpeleke pale siku moja, sasa hivi yeye si binti tena, hakuna wa kumkataza.

Tumekwenda jana. Nilimbeba kwenye pikipiki mpaka mwisho wa njia, kisha mkono kwa mkono. Yule mkubwa wa wale watano alikuja, wengine hawakuja. Mama akapapasa vile vitatu kichwani, kimojakimoja, akivisalimu kwa majina. Cha nne akamwambia mpwa wake akiinue. Jamaa akasimama kwanza, akakuna shingo, halafu akavua shati akalitia chini ya kile kigango ili kisimkwaruze, akakiinua. Tukakisimika upya, tukapigilia mawe. Picha nimepiga sita.

Bikoni ya tatu imehamia mita nne upande wa kusini. Mdogo wao amenuna, lakini amesaini.

Binti wa Chonyi

Kaka mpimaji, hawe amekubali. Nimemsomea uzi wote, akasema yule mama wa makuti ana akili. Majina anayo saba, si matatu, kumbe vingine vilikuwepo kabla sijazaliwa. Ila amesema kabla hujaandika lolote atataka kuomba kwanza, na ombi lake huwa refu.

Mpimaji wa Kaloleni

Aombe. Jumamosi saa tatu asubuhi niko hapo. Anatumia ugoro ama nilete sukari?

Binti wa Chonyi

Vyote viwili. Ugoro usiutoe mbele ya mchungaji.